Inteki ya hewa baridi: ujitengenezee mwenyewe au ununue ya dukani?

#1 Bomba_la_Chini

Wakuu habari. Gari langu lina injini ya petroli ya lita 2.0, silinda nne, halina turbo. Sensa ya hewa, MAF, iko kwenye mdomo wa boksi la ea klina. Nataka kulitoa hilo boksi la kiwandani niweke inteki ya hewa baridi: bomba pana, filta ya koni, na filta ikae chini nyuma ya bampa mbali na joto la injini.

Njia ziko mbili. Ninunue seti kamili ya dukani, ama nichukue bomba la alumini, viwiko viwili vya mpira wa silikoni, klipu na filta, niunde mwenyewe. Jamaa yangu mmoja kaunda ya kwake kwa bomba la PVC, anaapa gari limekuwa jepesi. Mwingine kafunga ya dukani, naye anasema gari limepoteza nguvu chini ya mizunguko 3000 na kupata kidogo kule juu. Injini zao ni aina ile ile. Hapo ndipo sielewi.

Msimamo wangu mpaka sasa: bomba ni bomba, hewa haisomi kibandiko. Anayepinga aje na hoja.

#2 Siti_ya_Mbele

Nimekaa hapa. Wenye gereji zao waje.

#3 Fundi_Spana

Mkuu, nakupinga hapo kwenye "bomba ni bomba". MAF haipimi hewa yote inayopita. Inapima ile kidogo inayogusa kiwaya chake cha moto, halafu kompyuta inapata jumla kwa kujua upana wa bomba ambamo sensa imekaa. Upana huo uliandikwa ndani ya kompyuta kiwandani. Ukiitoa sensa kwenye bomba la milimita 70 ukaichomeka kwenye la 76, hewa ile ile inapita taratibu zaidi, sensa inasoma pungufu, injini inapewa petroli pungufu. Ndiyo chanzo cha wengi wanaokuja na taa ya cheki injini na kodi ya hitilafu P0171, yaani petroli pungufu.

Seti ya dukani iliyotengenezwa kwa ajili ya gari fulani ina sehemu ya sensa iliyochongwa kwa kipimo cha gari hilo. Hicho ndicho unacholipia. Rangi na kibandiko ni vya ziada.

#4 Kikokotozi

Naongeza hesabu kwenye #3. Eneo la duara linakwenda na mraba wa kipenyo. 70 mara 70 ni 4900. 76 mara 76 ni 5776. Gawanya, unapata 0.85. Sensa itasoma karibu 15% pungufu.

Ukiendesha kawaida, kompyuta inasikiliza sensa ya oksijeni kwenye ekzosi na kuongeza petroli yenyewe. Masahihisho hayo utayaona kwenye skana, yale ya muda mrefu yameandikwa LTFT. Shida iko pale unapokanyaga mpaka mwisho: magari mengi hapo yanaacha kuifuata sensa ya oksijeni na kutegemea MAF peke yake. Petroli ikipungua wakati injini iko kwenye mzigo mkubwa, joto la silinda linapanda na injini inaanza kugonga, yaani petroli inalipuka yenyewe ndani ya silinda.

Angalizo kwa wanaounda wenyewe: hesabu ni ya kipenyo cha ndani. Bomba lenye 76 kwa nje na ukuta wa milimita 2 lina 72 kwa ndani, na hapo upungufu unakuwa kama 5% tu. Nimeona watu wakipima nje kisha wakabishana usiku kucha.

#5 HosiPaipu

Sasa #3 na #4 mnazungumza kana kwamba anayejitengenezea ni lazima abadilishe upana wa sensa. Nani kasema? Unatafuta boksi chakavu la gari lile lile, unakata kile kipande cha plastiki kinachoshika sensa, unakiunga kwenye bomba lako kwa kiwiko cha silikoni kila upande. Sensa inabaki kwenye nyumba yake ya kiwandani, upana ule ule na wavu wake ule ule wa kunyoosha hewa. Mimi gari langu liko hivyo. LTFT ilikuwa kati ya 2 na 4 kabla, na iko hapo hapo leo.

Jambo moja tu la kuangalia: usiiweke sensa mara tu baada ya kona. Hewa ikitoka kwenye kona inabana upande mmoja wa bomba, na sensa inasoma vingine kila unapobadili mwendo. Acha kipande kilichonyooka mbele yake, kirefu kadiri nafasi inavyoruhusu.

#6 MamaPistoni

Ndugu zangu mnaongea bomba tu, wakati jina lenyewe lina neno baridi. Bomba_la_Chini, kabla hujakata chochote fungua boneti ufuate mdomo wa lile boksi la kiwandani unakoishia. Ukikuta unatokea nyuma ya taa kubwa, au juu ya rejeta pale mbele, basi inteki ya hewa baridi unayo tayari. Magari mengi ya siku hizi yako hivyo. Filta ya koni ikikaa wazi juu ya injini, hata kwa bomba la kung'aa, inavuta hewa iliyopikwa na rejeta na ekzosi. Hiyo ni inteki ya hewa ya moto.

Kanuni ninayotumia: kila nyuzi 3 za Selsiasi unazoshusha kwenye hewa inayoingia ni kama 1% ya nguvu.

#7 Kikokotozi

Mama, shikamoo. Nyuzi 3 kwa 1% ni sahihi kwa uzito wa hewa. Kwa nguvu inapungua. Kiwango cha SAE J1349, kinachotumika kusahihisha vipimo vya daino, mashine ya kupima nguvu za gari, kuelekea nyuzi 25, kinatumia kipeuo cha pili cha joto, maana hewa inaongezewa joto tena na manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, na vichwa vya silinda kabla haijaingia. Kwa hiyo nyuzi 10 zinakupa kama 3% ya uzito wa hewa, na karibu nusu yake kwenye nguvu.

#8 MamaPistoni

Marahaba. Nimepokea, ila kwenye foleni nyuzi haziwi 10. Chomeka skana uangalie IAT, joto la hewa inayoingia, ukiwa umesimama kwenye taa na filta ya wazi. Inapanda bila kuuliza. Na kompyuta ikiona joto kubwa inarudisha taimingi, wakati wa kupiga cheche, nyuma kuzuia injini kugonga, kwa hiyo unapoteza mara mbili. Kanuni ya SAE haina hiyo ya pili.

#9 Bomba_la_Chini

Shukrani wakuu. Nimefungua: mdomo wa boksi unatokea nyuma ya taa ya kulia, nje kabisa ya chumba cha injini. Ila mdomo wenyewe ni mwembamba, kama milimita 45 kwa 60, umebanwa na una kona kali. Ndiyo maana bado nataka kubadilisha.

Na hakuna aliyenijibu kuhusu yule wa dukani. Kwa nini apoteze nguvu kule chini?

#10 Dereva_Mkongwe

Kijana, angalia pembeni ya bomba lako la kiwandani. Utaona boksi jeusi la plastiki lililochomoza, halina njia ya kutokea. Hilo ni resoneta. Hewa haiingii kwenye injini kwa mkondo mmoja ulionyooka, inaingia kwa mapigo. Valvu ikifunga, pigo linarudi nyuma kwenye bomba, likifika mwisho linageuka. Likirudi wakati valvu inafunguka linasukuma hewa ndani, likirudi wakati mbaya linaizuia. Resoneta ni chumba chenye shingo, hufanya kazi kwa kanuni ile ya kupuliza mdomo wa chupa, na kiwandani wanaichagulia ukubwa ili ikate wimbi fulani.

Huyo wa dukani katoa resoneta na kabadilisha urefu wa bomba. Wimbi lililokuwa likimsaidia chini limehamia juu. Hakuna muujiza hapo.

#11 Fundi_Spana

Mzee wangu Mkongwe, kwa heshima zote, resoneta nyingi za inteki zimewekwa kwa ajili ya kelele. Kuna viwango vya kelele gari lazima livipite kabla ya kuuzwa. Mapigo yanayobeba nguvu kwa kiasi kikubwa yako kwenye manifoldi, baada ya throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga pedali, na hapo jamaa hajagusa.

Mimi nasema ni joto. Chini ya mizunguko 3000 hewa inatembea taratibu ndani ya bomba la alumini lililokaa juu ya injini, inapata muda wa kupashwa. Juu inapita haraka.

#12 Mwana_wa_Gereji

Wote mmeruka mpira mdogo. Kwenye bomba la kiwandani kuna hosi nyembamba inayotoka kwenye kava la valvu, ya kupumulia mvuke wa oili. Inapeleka injini hewa ambayo MAF imeshaipima. Anayefunga inteki mpya akiiacha hosi hiyo wazi na kuivalisha kifilta kidogo, basi injini inavuta hewa isiyopimwa kupitia njia ya PCV, yaani mfumo huo wa kupumulia. Kwenye mwendo mdogo, ambapo hewa yote ni kidogo, hiyo isiyopimwa ni sehemu kubwa. Gari linakuwa zito chini na lina mtikisiko kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa. Juu huoni kitu.

Mwambie huyo jamaa aangalie hosi hiyo imekwenda wapi. Ni jambo la kwanza ninaloangalia gari lenye filta ya koni likiingia gereji, na mara nyingi jibu liko hapo hapo.

#13 Sikio_Kali

Na mimi nasema wote wawili, wa PVC na wa dukani, wanasikiliza badala ya kupima. Boksi likitoka, sauti ya kuvuta hewa inaingia ndani ya gari. Juu inanguruma, mtu anahisi gari linakimbia. Chini imetulia kuliko alivyozoea kule juu, anahisi limelegea. Gari ni lile lile.

Mimi nilipofunga ya dukani nilipima kwa saa: gia ya tatu, kutoka kilomita 60 mpaka 100 kwa saa, barabara ile ile, kwenda na kurudi ili upepo na mteremko vijifute. Tofauti ya kabla na baada ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya mara moja na mara inayofuata. Sauti naipenda, sijaitoa. Lakini siwezi kumwambia mtu kwamba ni nguvu.

#14 HosiPaipu

Sikio_Kali, umejibu vizuri kwa gari lako, ila si kila mara ni masikio. Rudi kwa #4. Bomba likiwa pana na MAF ikasoma pungufu, kompyuta haipunguzi petroli tu. Inaamini mzigo ni mdogo, na mzigo ukiwa mdogo inawahisha cheche. Kwa hiyo kuna magari yanaongezeka nguvu kweli kwa sababu taimingi imesogea mbele. Huyo wa PVC inawezekana kabisa analo gari jepesi.

#15 Fundi_Spana

Umesema kweli HosiPaipu, na hiyo ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Petroli pungufu na cheche inayowahi kwa wakati mmoja, kwenye siku ya joto, umebeba abiria, unapanda mlima. Sensa ya kugonga inaokoa mara nyingi, lakini haikuwekwa pale iwe breki ya kila siku. Mwambieni jamaa wa PVC achomeke skana leo. LTFT ikiwa imepita 10, asingoje taa iwake.

#16 Siti_ya_Mbele

Hivi PVC haiyeyuki? Au nayo ni hadithi?

#17 Mwana_wa_Gereji

Haiyeyuki, inalainika. PVC ya mabomba ya maji inaanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi. Gari likitembea, hewa inaipoza na hamna tatizo. Tatizo ni ukizima injini ya moto: feni imesimama, hewa imesimama, joto lote la ekzosi linapanda juu chini ya boneti. Ninayo picha kichwani ya bomba moja nililolitoa: klipu ya chuma ilikuwa imezama ndani ya plastiki kama milimita mbili pande zote, na mahali pale bomba lilikuwa limegeuka yai. Ukikaza tena, linazidi kuzama. Hewa ilikuwa inaingia pembeni baada ya MAF, na mwenyewe alikuwa anabadilisha plagi.

Mabomba ya plastiki ya seti za dukani na ya kiwandani ni plastiki nyingine, imechaguliwa kwa joto lile.

#18 HosiPaipu

Ndiyo maana mimi natumia alumini.

#19 MamaPistoni

Alumini nayo inabeba joto, soma #11.

#20 Kikokotozi

Tuipigie hesabu hiyo ya #11 na #19. Injini ya lita 2.0 kwenye mizunguko 6000 inavuta kama lita 100 kwa sekunde ukiwa umekanyaga mpaka mwisho. Bomba la milimita 70 lina eneo la sentimita za mraba 38.5. Hewa inakwenda kama mita 26 kwa sekunde. Bomba la mita moja inalipita kwa sekunde 0.04. Haina muda wa kupashwa, liwe alumini, plastiki au chuma.

Kwenye sailensa, mizunguko 800 na throto imefungwa, ni kama lita 4 au 5 kwa sekunde. Hapo hewa inakaa ndani ya bomba karibu sekunde nzima. Inapashwa. Lakini kwenye sailensa huhitaji nguvu.

Kwa mizunguko 2500 na umekanyaga mpaka mwisho bado ni kama mita 11 kwa sekunde. Kwa hiyo Fundi_Spana, joto la bomba peke yake halitoshi kueleza upungufu wa yule wa dukani.

#21 Fundi_Spana

Sijasema bomba peke yake. Sema basi mwili wa sensa na throto vimepata joto, bomba limepata joto, na hewa anayovuta inatoka chini ya boneti. Jumlisha. Ukitaka kunishawishi lete IAT za gari lile, hesabu ya hewa inayopita haina kipimajoto ndani yake.

#22 Dereva_Mkongwe

Mimi bado niko kwenye mapigo.

#23 Tope_la_Juzi

Samahani kuingilia. Bomba_la_Chini, umesema filta ikae chini nyuma ya bampa. Fikiria maji. Kwenye dimbwi lenye kina, filta ikizama injini inavuta maji, na maji hayabaniki. Pistoni inapanda, inakuta maji, konrodi, mkono unaobeba pistoni, inapinda. Fanya hesabu ya gari lako: silinda moja ni sentimita za ujazo 500, mbano ukiwa 10 kwa 1, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu ni kama 56 tu. Vijiko vinne vya mezani vinatosha kuimaliza injini.

Shemeji yangu alipita kwenye maji yaliyofika nusu ya gurudumu, magari yenye boksi la kiwandani yakapita mbele yake na nyuma yake. La kwake, lenye filta ya chini, likazima katikati. Akajaribu kuliwasha tena, na kule kuwasha ndiko kulikopinda konrodi. Gari likizima kwenye maji usiguse ufunguo. Toa plagi kwanza, maji yatoke.

Kuna valvu za pembeni zinazofungwa juu kwenye bomba ili filta ikizama injini ivute hewa pale. Zinasaidia, ila zenyewe nazo zikae juu ya maji.

#24 Sikio_Kali

Hili la #23 lingekuwa posti ya kwanza kwenye kila uzi wa inteki.

#25 Chujio

Na vumbi je? Naona filta imetajwa kama pambo la mwisho wa bomba. Kazi yake ya kwanza ni kulinda ringi na silinda. Ukinunua, tafuta filta iliyopimwa kwa kiwango cha ISO 5011, maana hapo wanapima vitu vitatu pamoja: inazuia vumbi kiasi gani, inabeba kiasi gani kabla ya kuziba, na inabana hewa kiasi gani. Filta inayotangazwa kwa kupitisha hewa tu imekueleza theluthi ya habari.

Ukijitengenezea, adui yako ni ukingo wa bomba. Bomba lililokatwa kwa msumeno wa mkono mara nyingi halikukatika mraba. Shingo ya mpira ya filta inakaa upande mmoja vizuri, upande wa pili unabaki uwazi ambao jicho halioni mpaka ulale chini na tochi. Namna ya kuujua: endesha wiki chache, fungua, paka oili kidogo kwenye kitambaa cheupe, pitisha ndani ya bomba upande wa injini. Kitambaa kikitoka na mstari wa udongo pale palipokuwa na klipu, vumbi linapita pembeni ya filta. Na safisha makombo ya kukata na ya kuchomelea kabla hujafunga. Yakishapita filta, hakuna cha kuyazuia.

Mwenye shaka zaidi apeleke oili ya injini maabara. Silikoni ikipanda, vumbi linaingia.

#26 Mwana_wa_Gereji

Chujio nakuunga mkono yote isipokuwa hiyo ya mwisho. Hosi mpya za silikoni na ile gasketi ya kukamua kwenye tyubu nazo zinapandisha silikoni kwenye oili bila vumbi lolote. Mtu akifunga inteki yenye viwiko vya silikoni kisha akapima, atajitisha bure. Angalia kama alumini na chuma navyo vimepanda pamoja nayo. Vikipanda pamoja, hapo ni vumbi na linakula injini.

#27 Chujio

Sahihi, asante. Na zile filta za pamba za kupaka mafuta: ukizidisha mafuta yanahamia kwenye kiwaya cha MAF. Paka kidogo, acha yasambae, futa yaliyozidi.

#28 Kikokotozi

Bomba_la_Chini, kabla hujanunua wala kukata, pima. Chukua mpira mwembamba unaoona ndani, uukunje kama herufi U kwenye kibao, tia maji yenye rangi. Ncha moja iache wazi, nyingine iunge kwa mpira mrefu kwenye bomba la inteki kabla ya throto. Miguu ya U iwe mirefu, zaidi ya nusu mita, maji yasije yakavutwa. Abiria asome, dereva aendeshe, na iwe mahali salama: gia ya pili, umekanyaga mpaka mwisho, karibu na mizunguko 6000. Tofauti ya maji kati ya miguu miwili ndiyo kizuizi cha inteki yako. Sentimita 10 za maji ni kilopaskali 1 hivi, na hewa ya kawaida ni kilopaskali 100. Kwa hiyo kila sentimita 10 ni kama 1% ya hewa unayokosa.

Kisha hamisha ncha: ndani ya boksi kabla ya filta, halafu baada ya filta. Utajua kizuizi kiko wapi.

#29 Mgeni_wa_Turbo

Natoka nje ya mada kidogo. Mimi nina dizeli yenye turbo, nayo itafaidika na inteki?

#30 Fundi_Spana

Kwenye dizeli nguvu inatoka kwenye mafuta yanayopigwa na nozeli. Ukiongeza hewa peke yake unapata moshi mdogo na joto dogo la ekzosi, nguvu kidogo sana mpaka kompyuta iambiwe iongeze mafuta. Na kwa turbo, kizuizi cha kabla ya turbo kina uzito zaidi kuliko wanavyodhani watu, kwa sababu turbo inalazimika kuzunguka zaidi kufikia mbano ule ule. Lakini usitumie ribiti wala skrubu ndani ya bomba la kabla ya turbo. Ikichomoka, mapanga ya kompresa ndiyo yanayoipokea.

#31 Mgeni_wa_Turbo

Nimekupata mkuu. Nabaki na boksi langu.

#32 Bomba_la_Chini

Nimerudi na vipimo vya #28. Gari lenye boksi la kiwandani na filta mpya ya karatasi, mizunguko 6000:

Ndani ya boksi kabla ya filta, sentimita 15. Baada ya filta, 19. Kabla ya throto, 26.

Yaani ule mdomo mwembamba nyuma ya taa peke yake ni 15, filta ni 4 tu, na bomba la kutoka kwenye boksi mpaka throto ni 7. IAT nikiwa natembea ni nyuzi 4 juu ya joto la nje. Nikisimama inapanda, ila nikianza kutembea inashuka haraka.

Sasa nauliza upya. Kama filta ni 4 kati ya 26, kwa nini ninunue seti nzima inayoniondolea boksi lililofungwa vizuri? Si bora nitengeneze mdomo mpya tu, mpana, ufike pale pale nyuma ya taa, boksi na sensa vibaki?

#33 Sikio_Kali

Sentimita 26 zote ukizifuta kabisa, jambo lisilowezekana, ni 2.5%. Injini ikiwa na nguvu za farasi 140, hiyo ni farasi 3 na nusu. Ukipata nusu yake umefanya vizuri sana.

#34 HosiPaipu

Maji kwenye mpira yanaonyesha wastani. Mapigo aliyoyataja mzee Mkongwe hayaonekani hapo, mpira mrefu unayameza. Inteki yenye urefu mzuri inaweza kukupa kitu ambacho hayo maji hayatasema. Mimi namshauri aunde nzima, apime kwa saa kama Sikio_Kali.

#35 Dereva_Mkongwe

Leo HosiPaipu kanikumbuka. Lakini kijana, kwa sababu hiyo hiyo usilitoe boksi. Ujazo wa boksi nao ni sehemu ya mapigo.

#36 Fundi_Spana

Mdomo mpana naukubali. Sensa haiguswi, PCV haiguswi, filta haishuki kwenye maji. Na neno moja kuhusu "hewa haisomi kibandiko": mkaguzi anasoma. Kule kwenye ukaguzi mkali wa moshi, kwa mfano jimbo la California nchini Marekani, seti iliyoidhinishwa inabandikwa namba ya EO, yaani ya idhini, kutoka CARB, mamlaka ya hewa ya jimbo hilo. Bomba la kujiundia halina, na gari linaweza kukataliwa hata kama moshi wake ni safi. Mwenye kuishi chini ya sheria ya namna hiyo hana uchaguzi mrefu.

#37 MamaPistoni

Bomba_la_Chini, nimefurahi umepima. Nyuzi 4 juu ya joto la nje ukiwa unatembea ni pazuri, usiziharibu. Mdomo mpya uuzungushie sponji pale unapopita kwenye chuma cha mbele, usivute hewa ya rejeta kupitia upenyo. Ncha yake ipanue kidogo kama tarumbeta, usiiache na ukingo mkali. Na igeuzie nyuma au chini, isitazame moja kwa moja barabarani, maana mvua ukiwa kasi inaingia moja kwa moja na filta ya karatasi ikilowa inabana kuliko ule mdomo wa zamani.

#38 Kikokotozi

Na chini kabisa ya boksi hakikisha lile tundu dogo la kutolea maji halijaziba. Wengi hawajui kama lipo.

#39 Bomba_la_Chini

Nimeliangalia, lilikuwa limejaa majani na mchanga, nimelizibua. Bomba la mdomo mpya nimelipata, plastiki ngumu ya inteki ya gari jingine, 70 kwa ndani. Kona inayopita chini ya taa ndiyo inayonisumbua: nikiipitisha juu inagusa boneti, nikiipitisha chini inakaa sentimita chache juu ya fenda ya ndani. Nani amewahi kupitisha bomba la 70 hapo bila kuhamisha betri?

#40 HosiPaipu

Piga picha kutoka juu na kutoka pembeni, taa ikiwa imetolewa. Nami nitakuonyesha pa kukata.

#41 Tope_la_Juzi

Pitisha juu. Boneti unaweza kuitafutia nafasi.